Kusimama Katikati ya Daraja

Kama uko jikoni endelea kupika, nitazungumza taratibu. Kama uko kwenye foleni ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi pale Daraja la Salenda, geuza shingo kidogo utazame baharini. Lile daraja lenye nyaya, linalokatiza juu ya maji, ndilo ninalotaka tulizungumze leo.

Jumapili iliyopita nililivuka Daraja la Tanzanite kwa miguu, kutoka upande wa Upanga hadi upande wa Oysterbay, kisha nikarudi. Kwa gari nilishalivuka mara nyingi tangu lilipofunguliwa kwa magari tarehe 1 Februari 2022. Kwa gari ni jambo la dakika moja au mbili. Unaona minara, unaona nyaya, bahari inameta upande wako wa kulia, halafu mwenzako anasema, "Tumeshafika Coco Beach." Hujaona kitu. Siku hiyo kwa miguu nilitumia karibu saa mbili, na nimerudi na mambo ambayo siwezi kuyanyamazia.

Nilianzia upande wa Hospitali ya Aga Khan, saa kumi na moja kasoro jioni, jua limeanza kulegea. Hapo Barabara ya Barack Obama, ambayo sisi wa umri fulani bado tunaiita Ocean Road, inakuja ikifuata ukingo wa bahari kutoka mjini. Zamani ikifika hapo ilikuwa haina pa kwenda, inakata kuingia Upanga. Sasa inaendelea mbele na kuingia majini. Unatembea, ardhi inakwisha, na wewe bado unatembea. Ulikuwa wakati wa kusi, upepo unatusukuma mgongoni. Kanga za akina mama waliokuwa mbele yangu zilikuwa zimejaa kama matanga.

Daraja lina urefu wa kilomita 1.03. Kwa hatua zangu ni kama 1,400, lakini usihesabu, utakosa mengine. Upande wa kulia una Bahari ya Hindi yote, hadi macho yanapochoka. Upande wa kushoto una kijito cha bahari kinachoingia ndani, mikoko, na kule nyuma yake Salenda lenyewe, limeinama, magari yamejipanga juu yake kama siafu. Ukitazama nyuma unaiona Dar es Salaam ya maghorofa kwa namna ambayo hapo awali ni wavuvi tu waliokuwa wakiiona, kutoka kwenye ngalawa zao.

Nilisimama chini ya mnara wa kwanza nikaweka mkono kwenye zege. Lilikuwa bado na joto la mchana. Hapa niruhusu nieleze kidogo ujenzi wake, kwa sababu watu wengi wanaulinganisha na ule wa Daraja la Nyerere kule Kigamboni, na kwa kweli haya ni madaraja ya aina mbili. La Kigamboni lina minara mirefu, na nyaya zinashuka kutoka juu kabisa kwa mteremko mkali. Nyaya hizo ndizo zinazobeba kazi kubwa. Ukizikata, sakafu haina msaada. La Tanzanite minara yake ni mifupi na nyaya zake zimelala, kama mtu aliyenyoosha mikono mbele badala ya kuiinua juu. Sababu ni kwamba sakafu yenyewe ni nene, ni zege lililojengwa kwa umbo la sanduku refu lenye uwazi ndani, na inajibebea sehemu kubwa ya uzito. Nyaya zinakuja kuibana na kuikaza isilegee katikati. Fundi yeyote wa mtaani anajua kwamba zege lina nguvu likibanwa na ni dhaifu likivutwa. Ndiyo maana anasuka nondo kabla ya kumwaga. Hapa kazi ni ile ile, ila nondo zimeongezewa ndugu zao wakubwa walioko nje, unaowaona kwa macho.

Waliolijenga ni kampuni ya GS Engineering ya Korea Kusini, kwa mkopo wa Korea Kusini pamoja na fedha za serikali yetu. Jiwe la msingi liliwekwa na Rais John Magufuli Desemba 2018. Rais Samia Suluhu Hassan akalizindua rasmi Machi 2022. Hayo umeyasikia kwenye taarifa za habari, nami sitakaa nayo. Nataka nikurudishe nyuma zaidi, hadi kwenye daraja la kwanza, kwa sababu bila hilo la kwanza hutaelewa kwa nini niliguswa Jumapili.

Neno lenyewe, daraja, tulitazame. Kwa Kiswahili daraja ni kile cha kuvukia mto. Daraja ni kipandio. Na daraja ni cheo, ni tabaka, ni mahali mtu alipowekwa. Mwalimu anasubiri kupandishwa daraja. Treni ya zamani ilikuwa na daraja la kwanza, la pili na la tatu, na ulijua lako kabla ya kufika dirishani kukata tiketi. Sijui lugha ngapi duniani zimeyaweka mambo haya ndani ya neno moja, lakini kwa Dar es Salaam imekuwa sadifa kubwa, kwa sababu daraja la kwanza kujengwa hapo kwenye mdomo wa Mto Msimbazi lilijengwa kwa ajili ya madaraja ya watu.

Serikali ya Waingereza iliugawa mji huu kwa rangi. Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, kila watu na mtaa wao, na viwango vya ujenzi vya kila mtaa vikaandikwa. Ile bustani ya Mnazi Mmoja tunayopita kila siku ilikuwa eneo lililoachwa wazi makusudi kuwatenga watu wa Kariakoo na watu wa mjini. Kisha wakubwa wa serikali wakataka kukaa mbali zaidi, penye upepo, kwenye ufuo wa kaskazini ya mji ambako kulikuwa na chaza wengi miambani. Kizuizi kilikuwa Msimbazi. Mwaka 1929 likajengwa daraja, likapewa jina la John Einar Selander, mkurugenzi wa kazi za umma wa Tanganyika. Upande wa pili likaota Oysterbay, viwanja vikubwa, nyumba zenye bustani, na barabara zenye miti. Sisi tukalichukua jina la yule mkurugenzi tukalilainisha kwa ulimi wetu, likawa Salenda, na leo mtoto wa Dar akisema "nishushe Salenda" hajui kabisa kwamba anataja jina la mtu.

Usinielewe vibaya. Daraja lile limewavusha watu wa kila aina kwa miaka karibu mia. Mwaka 1980 likapanuliwa kwa msaada wa Japani likawa la njia nne, na bila hilo Kinondoni na Mwenge na Tegeta zisingekuwa kama zilivyo. Lakini asili yake ilikuwa hiyo. Waliovuka kwenda kulala ng'ambo walikuwa Wazungu. Waafrika walivuka kwenda kufanya kazi, kisha wakavuka tena kurudi.

Mmoja wao nilimkuta Jumapili.

Alikuwa amesimama katikati ya daraja, mikono miwili juu ya kingo, amevaa kanzu safi na kofia ya vito, na kijana mmoja amemshika kiwiko. Nikamsalimia, "Shikamoo mzee." Akasema, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?" Nikasimama naye. Ni vigumu kumpita mzee wa miaka themanini na zaidi aliyesimama juu ya bahari, upepo unampepea kanzu, bila kutaka kujua amefikaje. Yule kijana alikuwa mjukuu wake. Walikuja kwa bajaji hadi Aga Khan, wakatembea polepole, wakipumzika. Nilipomuuliza mzee kama ni mara yake ya kwanza akacheka, akainyoosha fimbo yake kuelekea Salenda.

"Lile pale," akasema, "nimelipita miaka minne. Kila siku ya Mungu, asubuhi na jioni. Kwa baiskeli."

Alikuwa msaidizi wa mpishi kwa Mzungu mmoja wa Oysterbay, mkubwa wa idara fulani ya serikali. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yeye kijana mdogo, anakaa Kariakoo na mjomba wake. Dar es Salaam ya wakati huo, kwa sensa ya mwaka 1957, ilikuwa na watu 128,742. Leo tuko zaidi ya milioni 5. Alitoka alfajiri, akapita Upanga, na ilipokuwa bado giza alihakikisha taa ya baiskeli inawaka, maana askari akikukamata bila taa siku yako imeharibika. Alivuka Salenda, akapanda kamlima, akafika jikoni kabla chai haijachemka. Jioni akarudi.

Nikamuuliza, "Mzee, na bahari hapa ilikuwaje siku hizo?"

Akakaa kimya kidogo. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi sikuwahi kuitazama. Nilikuwa napita tu."

"Hata siku moja hukusimama?"

"Usimame ufanye nini? Mtu angekuuliza, unatafuta nini hapa?"

Akageuka tena kuitazama bahari, na mjukuu wake akanitazama mimi, nami nikakosa la kusema. Maji yalikuwa yanajaa. Chini yetu wimbi liliizunguka nguzo likatoa povu, likaingia kuelekea mikokoni. Mzee akataka kujua kama wavuvi bado wanaweka mitego pale ndani. Mjukuu akasema hajui. Mimi pia sikujua. Tukabaki tunatazama wote watatu.

Msikilizaji, hicho ndicho nilichokuja kukisema leo. Daraja la kupita tunalijua. Daraja la kusimama ni kitu kingine, na kwa mji wetu huu ni kitu kipya. Kuna watu wanaosema kwamba njia ya waenda kwa miguu juu ya daraja ni urembo, ni nyongeza ya mkandarasi, kwamba kazi ya daraja ni kupunguza foleni. Mimi nasema njia ile ni nusu ya daraja. Gari likishavuka limekwisha, hakuna kilichobaki. Mtu anayesimama pale dakika kumi anarudi nyumbani na kitu ambacho hakuwa nacho, na ni mtu yeyote, wa daraja lolote, hakuna anayemuuliza anatafuta nini.

Nilihesabu kwa macho tu, sikuandika. Vijana wa mbio za jioni wenye fulana zilizolowa jasho. Bibi harusi na maharimu wake, wakihangaika na shela ambayo kusi lilikuwa limekataa katakata itulie. Wapiga picha wenye kamera shingoni wanaotafuta riziki kwa picha moja moja. Mwanamume mmoja anayemsukuma mama yake kwenye kiti cha magurudumu, na wote wawili hawazungumzi. Wanafunzi wa chuo. Na kundi la watoto sita au saba waliokuja na dada yao mkubwa kutoka Manzese, wamevaa nguo za Idi ingawa haikuwa Idi. Mtoto mmoja wa kike, nadhani wa miaka tisa hivi, akaniuliza swali ambalo limekaa nami wiki nzima: "Mjomba, hii bahari ndiyo ile ile ya Feri?"

Nikamwambia ndiyo, ni ile ile ya kule kivukoni. Akawageukia wenzake akawatangazia, "Ni ile ile!" kana kwamba amewapatia habari njema. Na kwa kweli ni habari njema. Kuna watoto wengi sana wa mji huu wa pwani wanaokua wakiiona bahari mara mbili au tatu kwa mwaka, kwa sababu ufuo umejaa kuta, mageti, mahoteli na viwanja vya watu. Dar es Salaam ni bandari, ina bahari upande wake mzima, na bado mtoto wa Manzese anahitaji sikukuu ili aione. Pale juu ya daraja anaiona bure.

Basi, nilipofika upande wa Oysterbay nikafanya kama kila mtu anavyofanya, nikashuka hadi Coco nikala mihogo ya kukaanga na pilipili, nikanywa dafu. Jua likazama nyuma ya nyumba. Nikaanza kurudi, safari hii upepo ukinijia usoni, na taa za daraja zikawaka. Za rangi. Mtu mmoja aliwahi kuniambia kwamba taa zile ni mbwembwe. Sikubaliani naye. Mji maskini una haki ya kitu kizuri, na kitu kizuri kinachoonekana na wote ni bora kuliko kitu kizuri kilichofichwa nyuma ya ukuta.

Lakini nilipokuwa narudi nilitembea kwa upande wa pili, ule wa kijitoni, na hapo niliona kitu kilichoniumiza. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu. Unapita Vingunguti, Tabata, Kigogo, Jangwani, ukifagia kila tunachoutupia, halafu unakuja kuutapika mzigo wake hapo hapo, kati ya Salenda na Tanzanite. Maji ya mto yana rangi yake, maji ya bahari yana rangi yake, na unaona mstari yanapokutana. Kwenye mizizi ya mikoko nikaona chupa za plastiki, ndala, vipande vya magodoro. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tarehe 1 Juni 2019, na ilisaidia. Chupa zimebaki. Mikoko ile ndiyo malezi ya samaki na kaa wadogo, ndiyo inayovunja nguvu ya wimbi lisiule ufuo. Ikizibwa mizizi yake haipumui.

Na mto huo si wa kuchezea. Wenyeji wanaikumbuka mvua ya Desemba 2011, Msimbazi ulipofurika ukaua watu na kubomoa nyumba, na waliookoka wakahamishiwa Mabwepande. Wanakumbuka miaka iliyofuata pale Jangwani, barabara inafungwa, karakana ya mabasi ya mwendokasi imekaa ndani ya maji. Sasa kuna mradi mkubwa wa bonde la Msimbazi, na daraja jipya la Jangwani ni sehemu yake. Lakini daraja linavusha watu tu. Taka zilizotupwa Vingunguti daraja haliwezi kuzirudisha zilikotoka. Ukisimama Tanzanite na kutazama chini unaona mji mzima ulichofanya juma zima, na mimi nadhani hilo nalo ni sababu ya kwenda.

Kuna jambo la chumvi pia, na nalisema kwa sababu watu wakishaona zege wanadhani limekwisha, litakaa milele. Hewa ya bahari ina chumvi. Chumvi inapenya kwenye zege kidogo kidogo, miaka kwa miaka, ikifika kwenye chuma kilichomo ndani chuma kinaota kutu, kutu inavimba, na zege linapasuka kutoka ndani. Daraja la baharini linahitaji kutazamwa kama mtu mwenye kisukari anavyotazamwa, mara kwa mara, hata siku anazojisikia mzima. Wahandisi wa TANROADS, wakala wa barabara, wanalijua hilo kuliko mimi. Ninachowaomba wananchi wenzangu ni kile kilicho ndani ya uwezo wetu. Mwenye kukata chuma cha kingo akakiuze kwa kilo kama chuma chakavu anauza uhai wa mtoto wa mtu mwingine. Na wewe mwenye gari, usisimame katikati ya daraja ukawasha taa za hatari ili upige picha. Nimeona kwa macho yangu lori likikwepa gari la namna hiyo kwa upana wa kiganja. Acha gari upande mmoja, utembee. Picha zenyewe zitakuwa nzuri zaidi.

Nirudi kwenye majina kabla muda haujaniishia, maana kuna wasikilizaji wawili waliwahi kuniuliza kwa nini daraja kubwa namna hii limepewa jina la jiwe. Madaraja yetu mengi yana majina ya watu. Lile la Tazara, lililofunguliwa Septemba 2018, ni la Mfugale, mhandisi aliyeongoza TANROADS. Lile la Ubungo ni la Kijazi, naye mhandisi, aliyekuwa Katibu Mkuu Kiongozi. La Kigamboni, mwaka 2016, lilipewa jina la Mwalimu Nyerere. La Rufiji ni la Mkapa, na lilipokamilika mwaka 2003 lilikuwa na mita 970, fahari ya nchi nzima. La Kigongo hadi Busisi, lililozinduliwa Juni 2025 kule Mwanza, lina kilomita 3 na jina la Magufuli. Hayo yote ni majina ya heshima na sina neno nayo. Lakini pale kwenye mdomo wa Msimbazi, ambako jina la kwanza lilikuwa la mkurugenzi wa wakoloni, na lililojengwa lilijengwa kwa ajili ya wachache, nimefurahi kwamba la pili halikupewa jina la mkubwa yeyote. Tanzanite ni jiwe lililotambuliwa mwaka 1967 pale Mererani, chini ya Kilimanjaro, na dunia nzima halipatikani kwingine. Si la mtu. Ni letu.

Ninao ushauri kwa wanaopanga madaraja yajayo. Mnapochora, choreni kwanza njia ya miguu. Choreni upana wa kutosha kiti cha magurudumu kupishana na kigari cha mtoto. Wekeni benchi mbili tatu pale katikati, zenye kivuli, kwa sababu yule mzee niliyekutana naye alisimama muda mrefu kuliko miguu yake ilivyotaka. Tumezoea kupima daraja kwa magari mangapi kwa saa. Tupime pia ni wazee wangapi waliofika katikati.

Nilimwona tena wakati narudi. Walikuwa wamebakiza hatua chache kufika upande wa Upanga, yeye na mjukuu wake, na taa zilikuwa zimeshawaka. Nikamwambia, "Haya mzee, umeiona bahari yako." Akasema, "Nimeiona. Wiki ijayo nakuja na bibi yao."

Kwa hiyo msikilizaji, Jumapili hii, kama huna msiba wala mgonjwa, nenda. Anzia Aga Khan saa kumi na moja jioni. Ukiweza, chagua siku za bamvua, maji yanapojaa hadi mikokoni, ni siku za mwezi mchanga au mwezi mpevu. Vaa viatu vya kutembelea. Beba chupa yako ya maji na urudi nayo nyumbani. Mchukue mzee wako, na kama hana nguvu za kufika mwisho, fika naye katikati msimame hapo. Hakuna geti, hakuna tozo, hakuna kiingilio.